Maili Thelathini na Sita

Habari ya kifo cha Rubani nilipewa Jumanne asubuhi, kabla hata sijavuka kizingiti cha duka la spea la rafiki yangu singasinga hapa Nakuru. Aliinua kichwa kutoka kwenye sanduku la beringi, akavua miwani, akaniambia, "Ndugu yangu, mtu wetu ametuacha. Huko kwake Kuresoi, jana jioni. Ni zile figo." Wasomaji wangu wa kila wiki mnanijua: mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema nikiletewa chai huchungulia kwanza chini ya kikombe. Kwa hivyo badala ya kusema pole kama binadamu wengine, nilimuuliza nani kamwambia, na huyo kaambiwa na nani, na kama yupo aliyemwona marehemu kwa macho yake. Mwenye duka hakukasirika, maana amenizoea. Alinijibu swali moja baada ya jingine, kisha akageukia ukutani akajifuta macho kwa mkono wa shati, na hapo nikaamini.

Alikuwa na sababu ya kulia. Miaka saba iliyopita yeye, mkewe na mama yake mzazi walikuwa abiria katika ndege ambayo kompyuta yake ya kuongoza njia ilizimika angani, ikabaki mikononi mwa marubani. Kwa jinsi mji huu unavyosimulia, aliyewaokoa ni Rubani wetu, kijana wa Bondeni, aliyekuwa rubani msaidizi siku hiyo. Tangu hapo duka lile lilimhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Mimi nami nilisimama pale nikimtazama rafiki yangu akilia, huku nikiwa na jambo moyoni ambalo yeye hakulijua. Nililibeba kwa miaka miwili kwa sababu marehemu aliniomba hivyo. Sasa amekufa na ahadi imekwisha. Nilidhani nitajisikia mwepesi, lakini nilitoka dukani nikiwa mzito kuliko nilivyoingia.

Tulijuana miaka ya sitini, tukiwa majirani kwenye nyumba za kaunsili pale Bondeni. Mimi nilikuwa nikifundisha jiografia shule ya msingi, yeye alikuwa msaidizi wa fundi katika gereji moja. Uhuru ulipokuja na vijana wakatafutwa wa kwenda kusomea kazi za Wazungu, alichaguliwa, akaenda ng'ambo, akarudi na kofia yenye mstari wa dhahabu. Kina mama walitoka nje na sufuria mikononi kumtazama akipita. Hakuwa mtu wa maringo. Alichorudi nacho ni tabia moja iliyowachekesha watu: kabla ya kupanda baiskeli yake aliizunguka akiigusa na kutaja kwa sauti, "Breki. Mnyororo. Upepo mbele. Upepo nyuma." Siku moja nilimuuliza kama huko ng'ambo walimfundisha kuongea na vyuma. Akanijibu, "Mwalimu, kazini kwetu hakuna kuaminiana. Mmoja akibonyeza kitu, mwingine anasoma kwa sauti alichobonyeza. Hata kama ni baba yako." Nilimpenda kuanzia siku hiyo. Maisha yangu yote nilikuwa nikilaumiwa kwa kushuku, na hapa palikuwa na kazi ya heshima ambapo kushuku ndiyo sheria.

Nieleze kidogo hiyo kompyuta, kwa maana wengi hapa mjini huitaja kama pepo. Ni sanduku lenye vitufe na tarakimu zinazowaka, linafanana na mashine ya hesabu ya karani wa benki. Kabla ya kuruka unaiingizia vituo vya safari kimoja kimoja: hiki kiko umbali gani kaskazini au kusini ya Ikweta, umbali gani mashariki au magharibi. Ikishajua, inaipeleka ndege yenyewe kutoka kituo hadi kituo, hata ndani ya wingu zito. Ila haina akili ya kujua kama umeidanganya. Ukiiambia Nakuru iko baharini, itakupeleka baharini bila kusita. Ndiyo maana, kama alivyonieleza, Kapteni alitakiwa kuingiza vituo, na msaidizi wake kusoma kila kimoja kwa sauti, kulinganisha na karatasi, halafu kutia sahihi kwamba amekagua.

Safari yenyewe ilikuwa ya mchana, kutoka nchi za kaskazini kuja Nairobi, wakati wa mvua za masika. Kapteni alikuwa Mzungu wa makamo, Rubani wetu alikuwa kiti cha kulia, na nyuma yao alikaa fundi wa ndege. Kituo chao cha mwisho kabla ya Nairobi kilikuwa Nakuru: ukifika juu ya mji wetu unakata kushoto na kuanza kushuka polepole. Siku hiyo Bonde lote lilikuwa limefunikwa na mawingu, na radi ilikuwa imeuzima mnara wa redio wa kuongozea ndege. Ikafika mahali kompyuta ikakata kona. Kupitia tundu la wingu Kapteni akaona ziwa lililozungukwa na flamingo, ukingo mzima rangi ya waridi, akasema hiyo ndiyo Nakuru. Akapunguza nguvu za injini, pua ya ndege ikainama. Hapo ndipo Rubani wetu aliposema kwamba hapo si Nakuru. Wako juu ya lile ziwa la chemchemi za moto upande wa Baringo, linaloitwa Bogoria siku hizi. Wako maili thelathini na sita kaskazini ya pale wanapodhani, na wakishuka kwa mwelekeo ule watakutana na kilele cha Nyandarua ndani ya wingu. Kapteni alipogeukia kompyuta ili imhakikishie, taa nyekundu ikawaka na tarakimu zote zikapotea.

Kapteni alibisha, kwa sababu ziwa alikuwa ameliona kwa macho yake. Fundi wa ndege akasema kutoka nyuma, "Pandeni kwanza, mtabishana huko juu." Wakapanda kwa ghafla, chai ya abiria ikamwagika, na mama wa mwenye duka akapata doa kwenye shali lake jeupe, doa ambalo alikataa kulifua. Kisha, kompyuta ikiwa imekufa na redio ikikwaruza tu, Rubani akaongoza kwa dira na saa ya mkononi: kusini moja kwa moja, dakika tano. Tundu la wingu lililofuata likawaonyesha shimo la Menengai, halafu mji, halafu ziwa la Nakuru lenyewe. Kutoka hapo walifuata maziwa, Elementaita, Naivasha, wakatua Nairobi salama. Hayo yote ni kweli, na fundi wa ndege aliyathibitisha mbele ya kamati iliyochunguza. Kompyuta ilifunguliwa, ikapatikana kweli ina kipande kilichoungua, na lawama ikaishia hapo.

Nakuru ilifurahi kwa mwezi mzima. Pale Bondeni walisema kijana wao ameshinda Mzungu na kompyuta siku moja. Walimweleza kila mgeni kwamba mtoto wa huku hawezi kupotezwa kwenye maziwa ya kwao. Mimi nilifurahi kwa siku tatu, halafu ule ugonjwa wangu ukaamka. Nilikuwa nimemuuliza tundu la kwanza lilikuwa wazi kwa muda gani, akasema kama sekunde kumi. Sasa mtu anaweza kutazama ziwa kwa sekunde kumi akasema si lenyewe, hilo nakubali. Lakini ataje maili thelathini na sita? Si kama thelathini, si karibu arobaini, bali thelathini na sita kamili, papo hapo, bila ramani? Nilichukua atlasi ya darasani na rula. Nakuru iko dakika kumi na nane kusini ya Ikweta, na kwa hesabu ya marubani dakika moja ni maili yao moja. Ukienda kaskazini kumi na nane unafika Ikweta. Ukienda nyingine kumi na nane, bila kupinda popote, unafika juu ya lile ziwa la chemchemi za moto. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe cha Kaskazini badala ya cha Kusini, na kompyuta ilikuwa imekwenda ilikotumwa, haikukosea chochote mpaka dakika ilipozimika. Na aliyetaja thelathini na sita hakuiona dirishani. Alikuwa anaijua kabla.

Nilimweleza hayo mara moja tu, tukiwa tumesimama nje ya posta. Alicheka kicheko kifupi. "Mwalimu, wewe ungefaa polisi," akasema, akaniaga. Hakuniambia nimekosea. Nikaenda nyumbani nikiwa na uhakika kwamba ni yeye aliyebonyeza vibaya, akagundua kosa lake angani, akalificha nyuma ya ushujaa. Niliwaza hivyo kwa miaka, na kila nilipomsikia mtu akimsifu nilikunja uso. Sikumwambia mtu, lakini pia sikumtetea wala kumpongeza tena.

Mambo mengine nayo yalizidi kunitia shaka. Yule Kapteni hakuongezewa mkataba, kwa sababu alikuwa amebisha wakati wa hatari, akarudi kwao. Mwaka uliofuata Rubani wetu akapewa kiti cha kushoto, kiti cha Kapteni. Akanunua shamba Kuresoi, akawa akiruka na akilima viazi. Mtu wa namna hiyo ungemtarajia aingie duka la spea kifua mbele, maana pale hata kiti alikuwa amewekewa. Kumbe alilikwepa. Siku moja alinikuta njiani akanipandisha gari lake, akaegesha barabara ya nyuma, akaniomba niingie mimi nimnunulie mkanda wa feni ya trekta, na nisiseme ni wa nani. Nikamuuliza kama amegombana na singasinga. Akasema hapana, ana haraka tu. Nilipotoka na mkanda nilimkuta amekaa vilevile, mikono kwenye usukani, haonekani mtu mwenye haraka. Kila sikukuu mama wa mwenye duka alimpelekea boksi la mithai, vile vitamu vya Kihindi, na kila sikukuu Rubani aliniletea boksi hilo nyumbani kwangu halijafunguliwa. Watoto wangu walizila kwa furaha. Mimi nilikuwa nikizitazama.

Miaka miwili iliyopita, baada ya madaktari kumzuia kuruka, aliniita Kuresoi. Nilimkuta ghalani mchana, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anachagua viazi vya mbegu. Alikuwa amekonda na miguu imevimba. Mkewe alituletea chai akatuacha. Hakunizungusha. "Mwalimu," akasema, "ile hesabu yako ya nje ya posta ilikuwa sawa. Ulichokosea ni mtu."

"Kwa hivyo ni Kapteni aliyebonyeza?"

"Ni yeye. Mtu amezaliwa kule, amerushia ndege kule miaka ishirini, kila mahali kwake ni Kaskazini. Kidole kilijiendea chenyewe. Mimi nimezaliwa upande huu wa mstari, hilo kosa siwezi kulifanya hata usingizini."

"Na wewe ulikuwa wapi akibonyeza?"

Akaweka kiazi chini. "Nilikuwa pale. Niliona."

Akanieleza asubuhi ile. Walipokuwa wakijitayarisha, alimwambia Kapteni kwamba karatasi ya hali ya hewa aliyoshika ni ya jana. Ilikuwa kweli ya jana. Kapteni aliiangalia tarehe, uso ukamwiva, akamjibu mbele ya fundi na wasichana wa kuhudumia abiria, "Nikikuhitaji nitakuuliza." Wasichana walitazama chini. "Sikuwa mtoto," akaniambia. "Nilikuwa na mke na leseni. Basi alipofika kituo cha Nakuru nikakiona kile kidole, nikasema moyoni, leo utaniuliza. Nikasoma kwa sauti, sufuri, kumi na nane, nikaishia hapo. Upande sikuutaja. Na yeye hakuona kwamba sikuutaja. Nikatia sahihi."

Nilimuuliza kama alitaka kuua watu. Swali hilo lilimuuma, na nilikusudia limuume.

"Nilitaka aaibike tu," akasema. "Nilidhani tutafika juu ya Baringo kukiwa kweupe, kompyuta ikate kona mapema, nimwambie, Kapteni, mbona umegeukia hapa? Fundi asikie, stori ifike ofisini. Sikujua mawingu yatakuwa vile. Sikujua mnara umezimika. Sikujua flamingo watakuwa wamehamia kule. Kila nilipoona hali inaharibika nilisema, sasa nimwambie. Halafu nikasema, acha aulize kwanza. Kona ikakatwa, nikanyamaza. Akaona ziwa akasema Nakuru, nikanyamaza. Akainamisha pua, akaniambia niwajulishe Nairobi kwamba tuko juu ya Nakuru na tunashuka. Nikashika maiki. Mwalimu, kunyamaza nilikuwa nimekuweza safari nzima. Lakini kutamka kwa mdomo wangu kwamba tuko juu ya Nakuru, mdomo ulikataa. Ndiyo nikasema hapa si Nakuru. Watu wanasema niliokoa ndege. Niliiokoa kutoka kwangu mimi."

Kuhusu kompyuta kuzimika aliniambia kwamba taa nyekundu ilipowaka alimshukuru Mungu, na papo hapo akajichukia kwa kushukuru, kwa sababu alijua sasa mashine itabebeshwa lawama yote. Kosa la mashine lilikuwa la kweli, na la binadamu likapata pa kujificha. Mbele ya kamati Kapteni alisema hakumbuki alibonyeza nini. Msaidizi wake akasema alikagua kama kawaida. Na siku Kapteni alipokuwa akiondoka nchini, alimtafuta Rubani wetu, akampa mkono, akamwomba msamaha kwa maneno ya asubuhi ile.

"Akaniomba msamaha, mimi," akarudia.

"Nawe ukamwambia?"

"Nikamwambia, usijali, Kapteni."

Kuku walikuwa wakiparura mlangoni. Halafu akaniambia kwamba nikitaka kuandika niandike, lakini nisubiri awe amekufa, kwa sababu watoto bado wanasoma na yeye hana nguvu za kujibu maswali ya watu. Nikakubali bila kufikiri. Nitasema ukweli wote leo: sehemu ya moyo wangu ilikuwa inafurahi. Hesabu yangu ya rula na atlasi ilikuwa imethibitishwa na mwenyewe. Niliteremka kutoka Kuresoi nikijiona mtu mwenye akili, na sikumfikiria mtu mwingine yeyote njiani.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu hapo, na sioni kama ni la angani peke yake. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru ofisi zetu nyingi zilikuwa na viti viwili namna hii, Mzungu aliyekuwa akihesabu siku zake na Mwafrika aliyekuwa akihesabu siku za huyo Mzungu. Wakubwa walimshuku msaidizi kwamba hajui. Wasaidizi walimshuku mkubwa kwamba hataki wajue. Nimewaona makarani wakiacha barua yenye kosa ipite hadi juu, huku wamekunja mikono, ili bwana mkubwa aumbuke. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe kwa mwalimu mkuu mmoja, nikaona raha. Tuliuita ujanja. Mtu aliyedharauliwa hana silaha nyingi, na kunyamaza ni ya bei nafuu, haipigi kelele wala haiachi alama ya mkono. Sasa Wazungu wengi wameondoka, viti vyote viwili ni vyetu, na bado nawaona watu wakikunja mikono vilevile. Wanaoumia hawamo kwenye ugomvi. Ni wale walioketi nyuma wakinywa chai.

Simwandiki marehemu kwa ubaya. Kapteni yule alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikaribia kuua watu kama kimya cha msaidizi wake kilivyokaribia kuwaua. Lakini Kapteni alikosea bila kujua, akalipa kwa kazi yake. Aliyejua alipandishwa cheo. Rubani wetu alilijua hilo kuliko mtu mwingine, na naamini ndilo lililomkalisha kwenye gari barabara ya nyuma. Alikuwa mtu mwema aliyefanya jambo baya kwa saa chache, akaishi nalo miaka saba akisifiwa kwalo. Nilimpenda, na ninasikitika kwamba sikumwambia nikiwa pale ghalani.

Jumamosi tulimzika Kuresoi, kwenye upepo na matope. Watu walikuwa wengi, mwenye duka na mkewe wakiwa mstari wa mbele. Mchungaji akaniita niseme machache, mimi jirani wa zamani na mwandishi. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Nikamwona mjane, nikaiona kofia ile yenye mstari wa dhahabu juu ya jeneza, nikasimulia hadithi ya kijana wa Bondeni aliyemshinda Mzungu na kompyuta. Niliisimulia vizuri. Watu waliitikia, wengine walilia, na mjane alinishika mkono akasema, "Asante, Mwalimu, umemsema kama alivyokuwa." Nilishuka mlima nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jana Jumatatu nilimwendea mjane kwanza. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema kumbe alikuwa anajua, aliambiwa siku ileile waliyotua, na kwamba mume wake alisema niandike, basi niandike. Kisha nikashuka Nakuru, nikaingia duka la spea, kwa maana haikuwa haki rafiki yangu ayakute haya gazetini. Nilimweleza kila kitu, hesabu, kitufe, sahihi, maiki. Alisikiliza amesimama, mikono juu ya kaunta. Sikuona hasira usoni mwake, na nilikuwa nimeitarajia.

"Kwa hivyo alinyamaza kwa muda gani?" akauliza.

"Tangu asubuhi mpaka kama saa tisa mchana."

"Na wewe?"

Nikasema nilikuwa nimetoa ahadi. Akasema hakuuliza hilo.

"Miaka miwili," nikamjibu.

"Mama yangu amekufa mwaka jana," akasema. "Kila asubuhi alikuwa anamwombea yule mtu. Kila sikukuu anapeleka mithai, na kila sikukuu ananiuliza, mbona haji, tumemkosea nini? Akafa bado anauliza kosa letu. Wewe ulikuwa unakuja hapa kila wiki, unakaa kile kiti, unamsikia akiuliza." Halafu akaingia nyuma ya rafu kumtafutia mteja beringi, na hakurudi kunitazama.

Nimejisifu maisha yangu yote kwamba hakuna linalonipita, na kweli hili halikunipita. Nililishuku mwanzoni, nikalipima kwa rula, nikalithibitisha, halafu nikalikalia. Mama yule hakuwa na haja ya kujua nani alibonyeza nini. Alitaka kuambiwa kwamba nyumba yake haikumkosea mtu, na sentensi hiyo moja ningeweza kumwambia bila kuvunja ahadi ya yeyote. Ningeisema nikiwa na kikombe alichonikaribisha mkononi, ikachukua muda mfupi kuliko kuimaliza chai. Nilikuwa nikingoja nini, hata leo sijui.